Kabla hujapeleka seva ya duka kwenye wingu, uliza akaunti ni ya nani

Ukiingia duka la vipuri pale Barabara ya Kirinyaga, chungulia chini ya kaunta. Katikati ya maboksi ya breki na mikebe ya oili utaona kompyuta kuukuu, vumbi tele, feni inalia kama kinu cha posho. Hiyo ndiyo seva. Bei, stoki, madeni ya wateja, vyote viko humo. Mwenye duka haigusi kwa sababu fundi aliyeileta alimwambia, "Hii iache hivyo, bosi."

Shida ni kwamba stima haikuambiwa. Usiku wa Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Novemba ikarudia, Desemba tena. Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika mauzo, inaweza kuwaka kesho yake na faili zimeharibika. UPS yenye betri iliyokufa ni pambo tu. Ongeza wezi na paa linalovuja, utaelewa kwa nini kila fundi siku hizi anaimba wimbo mmoja: hamia wingu.

Na kama wewe ndiye "kijana wa kompyuta" nyumbani kwenu, mzee au shangazi mwenye duka atakuuliza wewe. Mimi ningemwambia ahame. Lakini aelewe anahamia wapi.

Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iko kwenye jengo lenye jenereta na walinzi, wewe unakodisha kipande. Kati ya kampuni kubwa, Amazon walifungua vituo vyao Cape Town mwaka 2020, Google wakafuata Johannesburg 2024. Kwa hivyo unaweza kuuza plagi moja ya gari hapa Nairobi, na rekodi ya mauzo ikaenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Siku nyingi hata hutahisi. Halafu inafika siku kama Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zinakatika kaskazini mwa Durban, na Wakenya tunabaki tukitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Wakati huo, mwenye kompyuta yake ya vumbi anauza kama kawaida.

Ndiyo maana programu ya mauzo unayochagua ni muhimu kuliko jina la kampuni ya wingu. Tafuta ile inayoandika mauzo kwenye kompyuta ya dukani kwanza, kisha inayatuma intaneti ikirudi. Watu husema, si uweke laini mbili tu? Weka, zitakuokoa fundi wa barabara akichimba na kukata faiba ya mtaani. Lakini kama kampuni zote mbili zinapitisha data kwenye kebo ileile ya baharini, bado utakaa gizani.

Kuna pia doo. Bili nyingi za wingu huja kwa dola. Chukua mashine ndogo ya dola 20 kwa mwezi. Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160, hiyo ilikuwa 3,200. Miezi michache baadaye dola ikashuka hadi kama 130, bili ikawa 2,600. Hujaongeza wala kupunguza kitu. Halafu kuna ujanja wa maegesho: mara nyingi kuingiza data ni bure, lakini ukitaka kuitoa kwa wingi unalipa. Uliza bei ya kutoka kabla hujaingia.

Lakini kilichonifanya niandike haya si kebo wala dola. Kuna mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwetu ambaye alihamishwa vizuri kabisa na fundi wake. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi, kadi ya benki ya fundi, nenosiri kichwani mwa fundi. Fundi akapata kazi Qatar. Kadi ikaisha muda, bili zikakosa kulipwa, akaunti ikafungwa, na baadaye data ikafutwa. Mimi niliitwa wakati hakuna cha kuokoa. Daftari lote la madeni lilikuwa humo. Wateja waaminifu walikuja wakalipa. Wengine walikumbuka nusu.

Hakuna mtu aliyemwibia mzee. Alikuwa mpangaji kwenye nyumba ambayo mkataba una jina la mtu mwingine, basi. Kwa hivyo barua pepe iwe ya biashara, kadi iwe ya biashara, namba ya kupokea msimbo wa usalama iwe ya mwenye duka. Fundi apewe ruhusa yake tofauti, ile unayoweza kumwondolea siku akiondoka. Na usisahau kwamba majina na namba za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hata zikikaa Cape Town. Zikivuja, anayetafutwa kwanza ni mwenye duka.

Ile kompyuta ya chini ya kaunta usikimbie kuiuza Luthuli. Iachie kazi ya kupokea nakala kutoka kwa wingu kila usiku, na mara moja kwa mwezi jaribu kuifungua hiyo nakala uone kama madeni yote yamo. Ipanguse vumbi, na umnunulie UPS betri mpya.