Tugeuze Karatasi Kabla ya Kukariri Kanuni

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, binti yetu wa kidato cha pili alitujia na daftari la hisabati, macho mekundu kwa kulia. Somo lilikuwa mzunguko wa nukta kwenye grafu. Alikuwa ameikariri kanuni, lakini katika jaribio akasahau alama ya hasi huwekwa wapi.

"Baba, mimi hesabu sikuandikiwa," alisema.

Tulikaribia kumjibu kwamba si lazima kila mtu azijue. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kuwa ulimi ulizuilika.

Tulichora mihimili miwili inayokatana kwenye kitovu: wa x umelala, wa y umesimama. Kutoka kitovuni tukapiga mstari wa hatua 3 kulia, kisha 2 juu, tukafika nukta (3, 2). Tukafunika karatasi nyembamba inayoonyesha, tukainakili njia ile, tukachoma sindano kitovuni. Kisha binti akaigeuza karatasi ya juu robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, kinyume na mwendo wa saa. Mwelekeo huo ndio wa mahujaji katika tawafu, Al-Kaaba ikiwa kushotoni mwao.

Akaona mwenyewe. Hatua 3 zilizolala kulia sasa zimesimama kuelekea juu, na zile 2 zilizosimama sasa zimelala kuelekea kushoto. Kushoto kwa kitovu ni hasi. Basi nukta imehamia (-2, 3). Ile alama iliyompotea ilikuwa ni habari ya upande tu.

Akaendelea kugeuza: (-3, -2), kisha (2, -3), na robo ya nne ikamrejesha (3, 2). Umbali kutoka kitovuni haukubadilika, kwani kipeo cha pili cha 3 ukikijumlisha na cha 2 hupata 13, nukta iwe upande wowote. Kulipokucha hakuhitaji kuikumbuka kanuni. Aliweza kuiunda upya.

Wazazi wenzetu, mtoto asemaye "siwezi" huenda hajaonyeshwa bado. Neno letu la kumkatia tamaa, hata likisemwa kwa huruma, laweza kumfungia mlango kwa miaka mingi. Tukae naye kwanza. Mzazi ambaye hakujaliwa kuisoma hisabati hakosi la kufanya: aishike sindano, mtoto ageuze karatasi.