Nani Alisema Pafyumu ya Maji ni ya Dem Mpole?

Kila video ya pafyumu ninayokutana nayo siku hizi inakuja na hadithi ileile. Ukipenda vanila, wewe ni mtamu. Ukipenda udi, wewe ni bosi. Na ukipenda hizi za maji na maua, basi wewe ni dem mpole, hana drama, anavaa nyeupe na anaongea polepole. Mimi nasema hiyo ni stori ya kuuzia chupa. Pafyumu za maji nazipenda, tena sana, lakini upole haujaingia hapo hata kidogo.

Kwanza, maji hayana harufu. Jaza glasi unuse, utaniambia. Ile harufu ya bahari ndani ya chupa mara nyingi inatoka kwa kemikali inayoitwa Calone, ambayo watafiti wa Pfizer waliigundua mwaka wa 1966. Ndio, Pfizer haohao wa chanjo ya korona. Inanukia kama tikitimaji limekatwa mahali kuna upepo wa pwani. Ilikaa miaka mingi kabla ya kupata umaarufu, kwa sababu dunia ilikuwa inapenda vitu vizito. Miaka ya 80 watu walikuwa wanajipulizia mapafyumu kama Poison ya Dior, ile ya 1985, ambayo mtu akiingia kwa lifti mnaanza kutafuta mlango. Watu wakachoka. Mwaka wa 1992 mbunifu wa nguo wa Kijapani, Issey Miyake, akatoa L'Eau d'Issey, iliyotungwa na Jacques Cavallier. Miyake alitaka kitu kinachokaribia maji yenyewe. Wakaweka yungiyungi, frizia, peoni na ule ubaridi wa bahari, na ikavuma dunia nzima.

Sasa angalia hiyo historia vizuri. Hakuna mahali imesema upole. Hizi pafyumu zilipendwa na watu waliochoka kupigiwa kelele puani. Mtu aliyechoka na kelele si lazima awe mpole. Anaweza kuwa ndiye mkali kuliko nyote.

Tuje nyumbani. Hapa Chechelesi kuna watu wa rika langu ambao hawajawahi kuona bahari. Maji tunayajua kwa mtungi wa lita ishirini, na siku mfereji umekauka unajua bei yake kwa mgongo. Kwa hivyo ukimwambia msee wa Isiolo "hii inanukia maji," anakuangalia tu. Maji gani? Muulize maji yananukia aje na atakwambia vumbi. Ile dakika matone ya kwanza yanapiga ardhi ya moto na harufu inapanda mpaka ndani ya nyumba kabla hujasikia mabati yakilia.

Hiyo harufu iko na jina la kisayansi, petrichor, lililotolewa mwaka wa 1964 na wanasayansi wawili Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Na Wahindi waliitia kwa chupa zamani! Mji wa Kannauj wanachoma udongo, wanauchemsha kwa maji kwenye masufuria makubwa ya shaba, halafu mvuke unaingia kwa mafuta ya msandali. Wanaiita mitti attar, yaani marashi ya udongo. Manze, hiyo ndiyo pafyumu ya maji ningetengenezewa mimi. Hapa mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Kwa familia iliyoona ng'ombe wakianguka mmoja mmoja, harufu ya maji si ya mtu kuongea polepole. Ni ya watu kutoka nje mbio wakipiga nduru na kupanga mabeseni.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Kuna dem wa hapa mtaani, tumekua pamoja. Alipoenda chuo Nairobi alibeba nguo zake zimefukizwa unsi, venye mamake humfanyia tangu akiwa mtoto. Wiki ya kwanza mwenzake wa chumba akamwambia ananuka moshi, "kama jikoni ya shamba." Akaambiwa atafute kitu fresh, kitu cha msichana msafi. Akanunua pafyumu ya maji na pesa ya chakula. Nguo zile akazifua mara tatu.

Unaona hiyo "safi" inavyofanya kazi? Neno la tangazo linaingia hosteli na kugeuka tusi. Na kichekesho ni kwamba huo moshi ni pesa. Ubani na manemane vinakusanywa kutoka miti ya huku kwetu, Isiolo, Marsabit, Wajir, na kuuzwa mpaka nje ya nchi. Duniani watengenezaji wa pafyumu wanakamua mafuta ya ubani na kuyatia kwa chupa za bei ambayo mimi, mtu aliyeacha chuo na anaishi kwa video, naisoma tu na kupita. Kwa chupa ya Paris unaitwa ubani wa kifahari, kwa leso ya mama unaitwa moshi wa jikoni. Kwani pua ni zile zile ama?

Huyo dem hakuacha pafyumu yake, na nampenda kwa hilo. Aliipenda kweli. Leo anafukiza nguo na anapuliza maji shingoni, na huo mchanganyiko ni mtamu ajabu: chumvi kidogo, maua, halafu moshi unakuja nyuma pole pole. Na ndiye mtu anayeongea kwa sauti kubwa kuliko wote ninaowajua.

Basi hizi pafyumu zinamfaa nani? Kwangu mimi, zinamfaa mtu anayekaa karibu na watu kwa joto. Wewe unayebanwa kwa Probox wanne kiti cha nyuma. Wewe unayeuza dukani na mteja anainama kuangalia bei. Wewe ambaye hutaki harufu yako ifike kabla yako, kwa sababu mambo yako ni yako. Huo usiri ninaukubali kuwa tabia. Upole hapana.

Ila jua jua la huku halina huruma. Harufu nyepesi hupeperuka haraka, na ngozi kavu haishiki kitu. Paka Vaseline kidogo shingoni na mikononi kabla ya kupuliza, ama pulizia pindo la mtandio, kitambaa kinashika muda mrefu zaidi. Kama hutumii zenye spirit kwa sababu ya dini, zile za mafuta ni sawa, lakini usitegemee ule ubaridi wa kwanza. Spirit ikipaa ndiyo inaubeba. Mafuta yanakaa karibu na ngozi na kunong'ona.

Na zile za kupimiwa dukani, usinunue kwa kunusa kifuniko. Weka tone moja kwa mkono asubuhi, lipa kitu kingine, zunguka soko, fanya kazi zako, toka jasho. Saa nane nusa tena. Ikiwa imebaki tikitimaji lililooza, shukuru muuzaji na uende zako.