Fuga Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Wakulima wenzetu wa Takaungu na Mavueni, kuchimba bwawa la samaki karibu na nyumba ni jambo jema. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na kitoweo huwa cha taabu. Lakini nina neno moja kwa kila mwenye bwawa jipya: fuga maji kwanza, samaki baadaye.

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Baadaye mengi yaliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, kama bei ya chakula na shida ya kupata vifaranga, lakini funzo lake ni wazi: kuchimba si kufuga.

Samaki wakifa katika majuma ya kwanza, mmoja husema vifaranga vilikuwa dhaifu, na mwingine husema jirani ana kijicho. Watu wa nyumba mbili huacha kusalimiana, na kumbe mwenye hatia ni maji. Samaki hula, hupumua na kunya katika maji yale yale. Kinyesi chake na chakula kilichobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Sumu hii haionekani kwa macho. Maji yaweza kuwa maangavu kama ya kunywa, na samaki wakafa.

Dawa yake ni vijidudu viitwavyo bakteria. Wako wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wako wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea ya mimea. Katika bwawa jipya vijidudu hivi ni haba mno. Huchukua kama majuma manne hata sita kuongezeka vya kutosha.

Sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Mchanga na matumbawe yetu hayashiki maji, kwa hiyo wengi hutandika karatasi ya nailoni, na bwawa la namna hiyo halina tope la kusaidia kazi. Tena maji ya visima vya matumbawe yana chokaa nyingi, na katika maji kama hayo, hasa jua likiwa kali, amonia huwa kali zaidi. Maji ya mfereji nayo hutiwa klorini, ambayo huua samaki na vijidudu pia. Yaache wazi juani siku moja au mbili kabla ya kuyatumia.

Chujio si kitu cha matajiri. Chukua mapipa mawili. Katika la kwanza weka vipande vya wavu wa zamani vishike uchafu. La pili lijaze kokoto safi, ambazo ndizo nyumba ya vijidudu. Pampu ndogo ipandishe maji, yapite mapipa yote mawili, kisha yaanguke bwawani kwa kishindo ili yapate hewa. Pampu isizimwe usiku, kwa kuwa hewa ya maji hupungua sana alfajiri. Kokoto zikichafuka, zisuuze kwa maji ya bwawa, kamwe si ya mfereji wala kwa sabuni.

Wengine wataniuliza, “Nani ana majuma sita ya kungoja?” Sisemi bwawa likae bure. Lenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kina cha meta 1 lina lita 12,000. Anza na vifaranga 10 tu vya tilapia, ukilisha kidogo. Majuma sita yakipita salama, ongeza mpaka wafike 35 hivi. Wape chakula watakachomaliza kwa dakika tano. Kinachobaki ni sumu uliyoinunua kwa fedha yako. Kila juma punguza sehemu moja ya tano ya maji, yaani lita 2,400, au madebe 120, ukajaze mapya. Yale ya zamani yasimwagwe ovyo: yana mbolea, yapeleke kwenye mchicha na mabamia.

Ukiwaona samaki wakihema juu ya maji asubuhi, usiwape chakula. Badili maji kidogo na uongeze hewa upesi. Hata wale wanaofuga koi, samaki wa mapambo wa Kijapani wenye bei kubwa, hutegemea chujio la namna hii hii.

Kwa maoni yangu, heri bwawa dogo lenye maji mazuri kuliko kubwa lililojaa vyura na mbu. Mwenye haraka atanunua vifaranga mara mbili. Mwenye subira atanunua mara moja, na watoto wake watakula samaki.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Takaungu