Mazoezi ya Januari mosi tunayajua, ya Februari je?

Niwieni radhi kwa kimya kirefu, nilikuwa skuli kwenye mazoezi ya kufundisha, na waliopitia huko wanajua hali inavyokuwa. Usiku unaandika andalio la somo, asubuhi unasimama mbele ya watoto ambao nusu yao hata madawati hawana, jioni unarudi sauti imekauka kama kuku aliyenyeshewa. Haya, nimemaliza, alhamdulillah. Leo nataka tuzungumze mazoezi ya aina nyengine, haya ya kutoa jasho, maana nina neno nalo na limenikaa rohoni siku nyingi.

Mie nakaa Amani, uwanja hauko mbali na kwetu. Mtu wa huku hahitaji kalenda ya ukutani kujua mwaka mpya umeingia. Alfajiri ya 1 Januari unaamshwa na filimbi, nyimbo na vishindo vya miguu. Ndiyo siku yetu ya mazoezi ya viungo kitaifa. Vikundi vinatoka mitaa yote ya mjini na mashamba, wengine wanavuka kutoka Pemba na Bara, kila kikundi na fulana zake za rangi moja, wazee kwa vijana, wake kwa waume. Viongozi wakubwa wa Serikali nao huvaa raba wakatembea. Naipenda siku ile wallahi, nisije nikasingiziwa! Ukimuona bibi wa miaka sitini na kitu kajifunga kilemba juu ya kofia ya michezo anapiga mguu sawa na wajukuu zake, moyo unachangamka.

Lakini nenda mtaa huohuo tarehe 1 Februari, saa hiyohiyo. Utakutana na paka, muuza maziwa, na wale watu wa vikundi wachache wasiokosa, ambao hao nawavulia kofia. Wengine wote tumelala. Msimamo wangu leo ni huu, na anayetaka kunipinga anipinge: kinachotuua ni namna tunavyoanza. Tunaanza kwa vigelegele, kwa fulana mpya, kwa kutaka mwili wa miaka ishirini urudi ndani ya wiki tatu. Halafu goti linauma, masika yanaingia, basi tena mpaka Januari.

Wala msiniambie tatizo ni pahala. Uwanja wa Amani umefunguliwa 1970, tumejengewa kwa msaada wa Wachina, na juzijuzi ukafanyiwa matengenezo makubwa ukafunguliwa upya Disemba 2023, karibu na sherehe za miaka 60 ya Mapinduzi. Siku hizi jina lake New Amaan Complex, ingawa sie majirani bado tunasema "uwanjani" tu. Taa zake usiku zinamulika mpaka chumbani kwangu. Na pamoja na kumulikwa huko kote, nilikuwa nikenda kwa shangazi Michenzani nikipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nafika mlangoni siwezi kutoa salamu, nahema tu. Shangazi ananiambia, "Ingia mwanangu, salamu utatoa ukishapumua."

Sasa niwasimulie kilichonifanya niandike. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mama yangu alipimwa akaambiwa ana sukari. Daktari alimpa vidonge, akamwambia apunguze wanga, kisha akasema "na utembee, mama." Neno moja tu hilo, utembee. Mie nikaliona dogo mno. Mwanachuo, nasomea ualimu, nimetoka kufundishwa kuandika malengo ya somo! Nikakaa nikamtengenezea mama ratiba kwa rula na kalamu za rangi. Jumatatu kukimbia, Jumanne kuruka kamba, Jumatano mazoezi ya tumbo, hivyo mpaka Jumamosi. Mama akaitazama, akaiweka chini. "Mwanangu, hii ya mie au ya jeshi?"

Nikamshawishi. Na kwa kuwa 1 Januari ilikuwa inakaribia, nikaona ndiyo siku ya kuzindua mpango wetu. Tukaingia kwenye msafara na kikundi cha mtaani. Mama ana miaka hamsini na kitu, mwili mzito, hajatembea mwendo wa maana miaka mingi, na chini kavaa ndara kwa sababu raba hana na mie sikufikiria kumtafutia. Tukatembea kilomita kadhaa, tukafika, tukaruka na kuinama na wenzetu mpaka jua kali. Alikuwa anacheka siku ile. Usiku goti likavimba. Kesho yake nikaona na lengelenge kubwa kwenye kidole, limepasuka.

Wanaojua sukari hapa wameshashtuka. Kidonda cha mguu kwa mtu mwenye sukari si jambo la mchezo. Mishipa ya fahamu inaweza kuwa imepungua nguvu, asisikie maumivu sawasawa, na kidonda kikachelewa kupona. Tulikwenda kusafisha kile kidonda karibu mwezi mzima, kila safari mie nimekaa kwenye benchi naangalia sakafu. Mguu ulipona, alhamdulillah. Lakini mama hakutaka tena kusikia neno mazoezi. Masika yakapita, Idi ikapita, sukari ikapanda, vidonge vikaongezwa. Hakunilaumu hata siku moja. Ile ratiba ya rangi aliikunja akaiweka chini ya godoro lake, nikaikuta siku nafua mashuka.

Na mie mwenyewe je, mshauri mkuu? Nililipa mwezi mzima jimu moja ya mtaani, nikenda siku tano. Saa za wanawake zilikuwa zinaangukia wakati mie niko kwenye daladala narudi kutoka Tunguu nimebanwa baina ya tenga la maembe na mkoba wa mtu. Pesa ikenda.

Kilichotuokoa hakikutoka kwenye kitabu. Mama alikuwa anataka kwenda sokoni Mwanakwerekwe asubuhi moja, daladala zikapita zimejaa, moja, mbili, tatu. Kwa hasira akasema anakwenda kwa miguu. Nikamfuata. Alipofika akanunua samaki wake, tukapanda gari kurudi. Kesho kutwa yake akasema, "Leo tena tutembee, asubuhi baridi." Hakusema mazoezi. Alisema tutembee! Nikanyamaza kimya, maana nilikuwa nimeshajifunza adabu.

Baadae nikaanza kusoma kwa nini lile limeshika na ratiba yangu haikushika. Kuna utafiti mmoja maarufu wa Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, ulitoka 2009. Waliwafuata watu 96 waliojichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, baada ya kitu fulani ambacho mtu tayari anakifanya, kama vile kumaliza chai ya asubuhi. Walitaka kujua linachukua muda gani mpaka likawa linajifanya lenyewe bila kujilazimisha. Kati kwa kati ilikuwa siku 66. Lakini tofauti baina ya mtu na mtu kubwa, kutoka siku 18 mpaka 254 kwa hesabu zao. Kwa hiyo anayekuuzia mpango wa "siku 21 utazowea" muulize kazipata wapi. Jengine lililonifurahisha ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mie nilikuwa nikikosa Jumanne najiona nimeshafeli, naacha mpaka mwezi ujao.

Sie tuna bahati ambayo watu wa nchi nyengine wanaitafuta kwa tochi. Siku yetu imeshakatwa vipande vitano na adhana. Huna haja ya kengele ya simu. Mama sasa anatembea baada ya sala ya alfajiri, akishakunja msala anavaa raba (ndiyo, nilimnunulia, mtumba wa Darajani, pana mbele ili vidole visibanwe). Hakuna kujiuliza leo niende au nisiende. Ni kama kufunga mlango ukitoka.

Na kiasi chenyewe si kikubwa kama tunavyotishana. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi. Piga hesabu, dakika 22 kwa siku zinakufikisha 154. Zamani walisema lazima kila kipande kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe, sharti hilo wakaliondoa. Kwa hiyo kushuka daladala kituo kimoja kabla kunahesabika. Ngazi za shangazi zinahesabika. Wameongeza pia mara mbili kwa wiki ufanye kitu cha kutia misuli nguvu, na mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 ajue kilo 20 hizo si za mzaha, ila abebe mgongo ukiwa sawa na abadilishe mikono. Kwa wenye sukari kuna faida ya ziada, misuli ikifanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana hata dakika kumi baada ya chakula zinasaidia. Lakini anayetumia sindano za insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aulize daktari wake kwanza, na mfukoni awe na tende au kitu kitamu, isije ikashuka akaanguka njiani.

Sasa mwaka wetu una mitego. Mtego wa kwanza Ramadhani, na huu unahama, kila mwaka unarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja, huwezi kuupangia mwezi. Miaka ya nyuma kwangu ndiko kila kitu kilikuwa kinafia. Safari hii tulihamisha tu, badala ya alfajiri tukawa tunatembea usiku baada ya tarawehe, mitaa imejaa watu, taa, harufu ya urojo, hata kuogopa huogopi. (Mama daktari alimpangia upya dawa zake kabla, hilo tulilifuata herufi kwa herufi.) Masika yakaja, Machi mpaka Mei, mvua si mvua, njia zinageuka mito. Siku hizo tunatembea ndani, ukumbini mpaka jikoni, mama anasoma uradi wake mie nasoma nukuu zangu za saikolojia ya elimu. Mtu akituchungulia dirishani atadhani tumerogwa. Dakika kumi basi. Sharti letu ni kuwa siku mbaya ipunguzwe, isifutwe.

Halafu kuna baraza. Hili wanaume hawalioni. Msichana akitembea haraka na raba chini ya baibui, lazima mtu atoke na lake. "Dada, umefukuzwa?" "Polepole, mchumba hakimbii!" Mwanzo nilikuwa nainamisha uso. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Florence Ayisi kuhusu wasichana wetu wa Unguja wanaocheza mpira, Zanzibar Soccer Queens, na wale walisikia makubwa kuliko haya. Dawa niliyoipata mie ni mama. Ukitembea na mama pembeni, baraza zima linageuka adabu tupu, "shikamoo bibi, mzima?" Na tukipita kila siku saa ileile tumeshakuwa kama gari la mkate, hakuna anayeshangaa. Asiye na mama karibu atafute shoga, jirani, wifi. Wanawake wa vikundi vya asubuhi nao wanajua siri hiyo, nadhani wengi wanaendelea kwa sababu ya yale mazungumzo kuliko kwa sababu ya vitambi.

Mizani nayo nina ugomvi nayo. Mama tangu tuanze kapungua kilo mbili tu, na angekuwa anafuata mizani angeshaacha zamani. Lakini kipimo chake cha sukari cha mwisho kimeshuka, analala usiku, na goti lile halijavimba tena. Mie kwa shangazi sasa nafika na salamu yangu kamili, mpaka "watoto hawajambo".

Na kwa kuwa mie nitakuwa mwalimu Inshaallah, niseme na hili. Kipindi cha michezo nimekiona kinavyoliwa. Mtihani ukikaribia, cha kwanza kukatwa ni hicho, mtoto anarudishwa kwenye hesabu. Mwenyewe, nakiri, nilikichukua mara mbili nimalize mada yangu. Mara ya tatu mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, leo nje hatutoki?" Nikafunga kitabu tukatoka. Hatukuwa na mpira, tukacheza nage kwa soksi iliyojazwa matambara, na nilipigwa mgongoni mpaka nikaomba maji.

Haya, niishie hapa, adhana ya alfajiri imeshaadhiniwa zamani na nasikia ukumbini mtu anafunga kamba za viatu kwa makusudi, kwa kelele. Ananiita.