Tuanze na Jua

Tulipoomba makala za toleo hili kuhusu polima zinazojiponya, nilitarajia kemia. Nyingi ya zilizofika ni matumaini. Karibu kila mwandishi anaanzia kwa epoksi yenye vidonge ya White na wenzake wa Illinois, mwaka 2001, na kumalizia kwamba Afrika, kwa jinsi inavyosumbuliwa na taka za plastiki, ndiyo itakayofaidi kuliko wote. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo nimelitafuta jua, sikuliona.

Kwetu ni Kitahana, Kibondo, kwa hiyo wasomaji wanivumilie nikiupima mjadala huu kwa nyanda za juu za Kigoma. Huko, nyuzi nne hivi kusini ya ikweta, plastiki haifi kwa kupasuka. Inakufa kwa jua, na ufa ni tangazo la msiba tu. Chukua turubai la wakimbizi, lile la mita 4 kwa 5, linalofahamika katika kambi za Nyarugusu na Nduta na lililofahamika Mtendeli mpaka kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2021. Ni nyuzi za polithini nzito zilizofumwa na kupakwa polithini nyepesi pande zote mbili. Mionzi ya urujuanimno inazaa radikali huru, oksijeni inadandia, mnyororo wa molekuli unakatika. Vikundi vya kabonili vinavyobaki navyo hunyonya mionzi zaidi, na kazi inaendelea. Siku upepo unapolichana, lilikwisha zamani.

Sasa niambieni vidonge vya White vingefanya nini hapo. Ufa unapopita unavipasua, dawa iliyomo, disaiklopentadayini, inatiririka, inakutana na kichocheo cha Grubbs, na epoksi inarudishiwa hadi asilimia 75 ya ushupavu wake. Ni jaribio zuri, nami hulifundisha kwa furaha. Lakini kidonge kinahitaji ufa ili kipasuke, na kikishapasuka hakina cha pili. Minyororo inayokatika mmojammoja ndani ya uzi wa turubai haina ufa wa kuamsha kidonge chochote.

Mpira wa Leibler na wenzake wa Paris, uliochapishwa 2008, unanivutia zaidi: asidi za mafuta ya mimea, urea, na bondi za haidrojeni zinazoshikana tena kwenye joto la kawaida ukizikutanisha nyuso mbili zilizokatwa. Watafiti hao hao walieleza kwamba nyuso zikiachwa mbalimbali kwa muda mrefu, uwezo wa kushikana hupungua. Makala mbili katika toleo hili zinaitaja kazi hiyo bila kulitaja sharti hilo. Kasulu mwezi Julai, uso uliokatwa unakuwa na vumbi jekundu kabla hujauinua kutoka chini.

Mimi ninaanzia kwa fundi wa kuziba madumu. Ana jiko la mkaa, kisu kilichopashwa moto na vipande vya madumu mabovu. Anayeyusha kingo, anabandika kiraka, anasawazisha, dumu linarudi kisimani. Wanafizikia watakwambia kwamba minyororo imevuka mpaka ikasokotana, na watakutajia nadharia aliyoianzisha de Gennes mwaka 1971. Fundi hamjui de Gennes, lakini hachukui kipande cha kiti kuzibia dumu. Kiti ni polipropilini, dumu ni polithini nzito, na hizo mbili hazichanganyiki hata zikiyeyushwa pamoja. Dumu lililoshinda juani miaka analikataa pia. Analipangusa kwa kidole gumba, anaona unga mweupe, anakurudishia: hili limeungua. Yuko sahihi kabisa. Minyororo iliyokatwakatwa na jua ni mifupi, na mifupi haisokotani.

Kwa hiyo uponyaji wowote, wa kisu au wa maabara, unategemea minyororo iliyobaki mirefu. Ndiyo maana nashangaa kuona vidhibiti-mwanga vya amini havikupata hata aya moja katika makala zote tulizopokea. Vinazima radikali, na katika kuzizima vinarejea hali yao ya kazi, vikazime nyingine. Vinatumika tangu miaka ya 1970. Sijasikia mtu akiviita teknolojia ya kujiponya, labda kwa kuwa kazi yao haipendezi kwenye picha.

Baada ya ulinzi huo ndipo nazikaribisha vitrima, alizozitangaza Leibler na wenzake mwaka 2011. Humo viungo hubadilishana kwa joto bila idadi yao kupungua, hivyo plastiki za jamii ya epoksi, ambazo zamani hazikuyeyushika, zinaweza kuunganishwa kwa moto. Tairi, kinyume chake, linaishia kuwa katambuga kwa sababu salfa imelifunga moja kwa moja, utalikata, hutaliyeyusha. Malighafi za vitrima tunazo. Mafuta ya nyonyo yamejaa vikundi vya haidroksili ambavyo kemia hii inavitaka, na mapitio ya Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 2016, yanafaa kusomwa kabla ya mtu kuomba fedha za utafiti. Mawese yetu ya Kigoma yasisukumwe humo kwa uzalendo tu: karibu nusu ya asidi zake zimeshiba, hazina bondi mbili za kushikia kitu.

Makala ya polima zenye kumbukumbu ya umbo ni safi na haihitaji utangulizi wangu. Ya saruji yenye bakteria, inayofuata kazi ya Jonkers wa Delft, si ya polima, lakini imeandikwa vizuri mno kuirudisha. Ya utomvu wa mpira inaonyesha kwamba mti umekuwa ukiziba jeraha lake muda mrefu kabla yetu. Ile inayodai kwamba marufuku ya Tanzania ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 isingehitajika kama mifuko ingejiponya, nimeichapisha ili ijibiwe. Mifuko hiyo haikuwa ikitupwa kwa sababu imetoboka.

Kuanzia toleo lijalo, atakayedai mbele ya jarida hili kwamba polima yake inapona, alete pia matokeo ya vipande vilivyoanikwa nje kiangazi kizima kabla ya kukatwa na kuunganishwa, pamoja na urefu wa minyororo kabla na baada. Hakuna mashine ya gharama inayohitajika kuanikia. Paa la duka linatosha. Asiyekuwa na paa lenye jua kali la kutosha aniandikie, nitamtafutia Kibondo.