Gari la Kale na Vumbi la Breki

Wapo watu wapendao magari ya kale kama wengine wapendavyo majahazi. Hatuwalaumu. Gari lililoundwa mwaka 1955 na hadi leo latembea ni kazi ya mikono inayostahili kuenziwa. Lakini huko Australia wapenzi hao wana malalamiko dhidi ya sheria ya nchi yao, nasi tumeona vema tuyatazame kwa insafu, kwani jambo lenyewe haliishii huko.

Tangu tarehe 31 Desemba 2003 Australia imepiga marufuku asbesto ya kila aina: kuiuza, kuitumia na kuiingiza nchini. Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua, na kwa sababu hiyo viwanda vya zamani viliyatia katika lainingi za breki, klachi na gasketi za injini. Basi anunuaye gari la kale ng'ambo na kulipeleka Australia yampasa ahakikishe kuwa halina asbesto. Likishukiwa, gari huzuiwa, vipande vyake hupelekwa maabara, na gharama ni juu yake.

Wenye magari husema: gari letu hukaa bandani, twaliendesha mara chache kwa mwaka, litamdhuru nani? Hoja hii ina sura ya haki. Tena kumfungulia mtu injini ambayo vipuri vyake ni adimu ni uchungu, hatukatai. Hata hivyo, lainingi na gasketi zaweza kubadilishwa kabla gari halijapakiwa melini, na urithi wa gari haumo katika kipande cha breki.

Aidha, Australia ina sababu ya kuwa kali. Katika mji wa Wittenoom, magharibi ya nchi hiyo, asbesto ya buluu ilichimbwa hadi mwaka 1966. Hawakufa wachimbaji peke yao. Walikufa pia wake waliokung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao, na watoto waliocheza juu ya mabaki ya mgodi. Nyuzi zile hazionekani kwa macho. Mtu huzivuta leo, na saratani ya utando wa mapafu humjia baada ya miaka 20, 30 au hata 40. Mwaka 2007 jina la mji huo lilifutwa rasmi. Nani atawaambia watu wa nchi hiyo kwamba vumbi kidogo si kitu?

Nasi je? Katika gereji zetu fundi hufungua gurudumu la gari kuukuu na kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, na pembeni yake amechuchumaa spana boi ambaye hata ndevu hajaota. Jioni kijana hurudi nyumbani na ovaroli ileile, mdogo wake akamrukia mapajani, na mama akaikung'uta uani. Hatusemi kila lainingi ina asbesto; nyingi za siku hizi hazina. Lakini fundi hawezi kuijua kwa kuitazama. Kitambaa kilicholowa maji chatosha kufutia vumbi lile badala ya kulipuliza. Ovaroli na ibaki gereji, ilowekwe huko huko, na mwenye gereji ndiye agharamie sabuni.