Mmea unaokula wadudu unapata faida gani?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja tulikuwa tukielekea Magogoni kupanda kivuko, mzee mmoja akatushika mkono akiwa na mjukuu wake wa kidato cha pili. Kijana alikuwa amesoma shuleni kwamba iko mimea inayonasa wadudu na kuwala. Alipoyasema hayo madrasa, mwalimu wake akamwambia kuwa ni uzushi wa Darwin na asiyarudie tena. Mzee alitaka kujua ashike lipi, na zaidi ya hapo: mmea uliopewa udongo, maji na jua una haja gani na nzi?

Kuwapo kwa mimea hiyo hakuna shaka. Katika ardhi oevu za nyanda za juu za nchi yetu umo mmea mdogo uitwao Drosera, ambao vinyweleo vya majani yake hutoa utomvu unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Katika madimbwi imo Utrikularia, isiyo na mizizi, ambayo vifuko vyake hufyonza vijidudu vya majini kwa kasi kubwa.

Ama faida, hilo ndilo swali zito. Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya mimea hii mwaka 1875, wapo waliosema kuwa kunasa mdudu si dalili ya kunufaika naye. Mwanawe, Francis, akaigawa Drosera mafungu mawili, akaifunika kwa kitambaa cha wavu wadudu wasiifikie, kisha fungu moja akalilisha vipande vidogo mno vya nyama iliyookwa. Matokeo aliyatangaza mwaka 1878. Fungu lililolishwa lilitoa mabua mengi zaidi ya maua, na mbegu zake zilizidi za fungu la pili zaidi ya mara mbili. Lile lisilolishwa halikufa. Lilizaa, ila kidogo.

Sababu yake ni kuwa mimea hii huota penye ardhi duni, isiyo na naitrojeni ya kutosha, na mdudu ndiye mbolea yake. Penye rutuba faida hiyo hupungua, kwani jani lililofanywa mtego ni dhaifu katika kujitengenezea chakula kwa jua, na majani ya kawaida huja yakaufunika mmea. Tena iko hatari nyingine: mdudu aliwaye huenda ndiye abebaye chavua. Katika aina nyingi za Drosera ua hunyanyuliwa juu ya bua refu, mbali na ulimbo. Subhanallah!

Sisi hatukubaliani na Darwin katika asili ya mwanadamu, na tumelisema hilo katika darsa zetu mara nyingi. Lakini mbegu zilizohesabiwa ni jambo la kushuhudiwa kwa macho, na kila mwenye subira aweza kuzihesabu upya. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuichunguza habari hata iletwapo na fasiki. Haikutuamrisha kuitupa kabla ya kuitazama. Abu Hanifa ad-Dinawari, katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya mimea. Kijana aliyeambiwa madrasa kuwa kitu hakipo, kisha akakiona kwa macho yake, atamsadiki vipi mwalimu yule yule anapomsomesha habari za Akhera, asizoweza kuziona?

Mzee aliuliza pia kama si dhulma kwa nzi. Tukamjibu kuwa mmea si mukallafu, na kwamba nzi naye aliifuata rizki yake pale.

Tulimwomba amrudishe kijana kwa mwalimu wake akiwa na kitabu cha shule mkononi, kwa adabu na si kwa ushindani, nasi tumeahidi kufuatana nao.

Wallahu aalam.